Rangi za maji: nina picha 40 na zote zina mkono wa watu wengine, wangu nitaupata vipi?

brashi_moja:

Habari zenu wakuu na dada zetu wote wa rangi za maji. Nimekuwa nasoma tu humu kimya kimya muda mrefu, leo naomba niandike maana jambo limenikaa moyoni.

Napaka rangi za maji mwaka wa 3 sasa. Nimejifunza kwa video karibu kila kitu, nina walimu kama 5 ninaowafuata kwa karibu na wamenisaidia sana, sitaki kuwasema vibaya, mbingu najua kuipaka, najua kulowesha karatasi kwanza, najua kusubiri. Sasa wiki iliyopita nikatoa picha zangu zote kabatini, zilikuwa 40 kamili, nikazitandaza sakafuni niziangalie kwa pamoja. Nilisimama pale kama nusu saa. Hii milima ni ya mwalimu wa kwanza, ule ukungu ni wa mwalimu wa tatu, haya maua yenye mistari ya wino ni ya yule mwingine, hadi michanganyiko ya rangi ndo ile ile yao. Picha 40 halafu ukiniuliza ipi ni yangu sina ya kukuonyesha. Iliniuma kwa kweli.

La pili ni kwamba sina utaratibu. Video ikiwa mbele yangu mkono unaenda, nikiizima nikakaa na kitu chenyewe mezani sijui nianzie wapi. Siku nyingine nachora penseli mpaka mshipa wa kila jani, siku nyingine naanza na brashi moja kwa moja, leo naanza na giza kesho naanza na mwanga, ikitoka nzuri sijui kwa nini imetoka nzuri na siwezi kuirudia.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Staili mtu anaichagua au inakuja yenyewe? Niache kabisa kuangalia video? Na nyie mkikaa kupaka mnapita hatua gani kuanzia karatasi nyeupe mpaka mnaposema bas imeisha? Nina tyubu 24, brashi 9 na karatasi za aina tatu ambazo natumia tu yoyote inayokuja mkononi.

mzee_wa_dirisha:

Karibu sana mwanangu, na pole kwa hiyo nusu saa ya sakafuni, ila kwa maoni yangu imekufaa kuliko video zote ulizoangalia mwaka huu kwa sababu umeona mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Hizo picha 40 usitupe hata moja.

Nianze na staili. Staili ni maamuzi madogo madogo unayoyarudia rudia mpaka yanakuwa tabia ya mkono, na huwezi kurudia uamuzi ambao hujawahi kuufanya. Kwenye video maamuzi yote yameshafanywa kabla hujachovya brashi: kitu gani kiachwe, ukingo upi uwe mkali na upi uyeyuke, rangi ngapi, maji kiasi gani, wapi pa kusimama. Wewe umebaki na kazi ya mkono. Na mkono wako naamini ni mzuri, ila miaka 3 haujaulizwa swali hata moja.

Mimi kilichonitoa huko ni stuli. Stuli ya mbao ya miguu mitatu, niliiweka karibu na dirisha nikasema nitaipaka mara 20, saa ile ile ya asubuhi, karatasi ya ukubwa mmoja, brashi moja ya mviringo namba 10. Ya 1 hadi ya 5 nilikuwa napaka stuli kwelikweli, kila mguu na nyufa zake. Ya 6 hadi ya 10 nilikuwa nimeichoka, nilitaka kuacha. Ya 11 ndo nikakiona kivuli. Yaani kilikuwepo siku zote ila nilikuwa nakipaka kijivu kimoja mwanzo hadi mwisho, kumbe pale mguu unapogusa sakafu kivuli ni kizito na kina joto, halafu kikienda mbali kinapoa, kinakuwa chepesi na kingo zake zinalegea. Siku hiyo nikaanza na kivuli badala ya stuli. Nikakipaka kwa mpigo mmoja nikauacha mguu uungane nacho chini, sikuweka mstari wowote kati yao, rangi ya mguu ikashuka ikaingia kivulini yenyewe. Ya 12 nikafanya tena hivyo, ya 13 tena, na hadi leo ni miaka mingi watu wanaozijua kazi zangu wanazitambua kwa vile vivuli vilivyoshikana na vitu vyake. Niliamua kivuli cha stuli moja asubuhi moja, nikakirudia kwa sababu nilikipenda.

Kwa hiyo chukua kitu kimoja, jagi, kiatu, kiti, chochote kisichonyauka wala kuhama, kiweke kwenye mwanga wa upande mmoja, ukipake mara 20. Video weka kando miezi miwili. Halafu tandaza tena sakafuni.

chembechembe:

Naunga mkono hoja ya mzee, ila mimi ningeanza na hizo tyubu 24 maana navyoona nusu ya tatizo liko humo.

Ndugu geuza tyubu zako usome maandishi madogo nyuma. Kila pigimenti (ule unga wenyewe unaotoa rangi) ina msimbo wake, PB ni bluu, PY manjano, PR nyekundu, PBr kahawia, na kuendelea. Utakuta tyubu zako nyingine zina pigimenti 3 ndani yake, hizo ukizichanganya na nyingine mbili tayari una pigimenti 5 au zaidi kwenye sehemu moja na matokeo yake ni tope. Toa zote hizo weka kwenye boksi. Baki na zenye pigimenti moja moja, na kati ya hizo chagua 4 tu kwa miezi hiyo miwili. Zangu mimi ni ultramarini PB29, ile siena ya udongo wa kuchomwa (kwa watengenezaji wengi ni PBr7, wengine wanatumia PR101), waridi PV19, na manjano PY154. Ultramarini na siena ukizichanganya unapata kijivu, ukiongeza ya kwanza kinapoa, ukiongeza ya pili kinapata joto, na ukitia maji kidogo sana unapata giza linalokaribia weusi. Nyeusi ya tyubu sijaigusa miaka.

Sasa kitu ambacho video nyingi hazisemi ni kwamba rangi unazochagua ndo zinakuamulia utaratibu. Ultramarini ina chembe kubwa kiasi, zinazama kwenye vishimo vya karatasi zinaacha ule mchangamchanga, na ikikauka ukiipitishia brashi yenye unyevu inanyanyuka vizuri, unaweza kurudisha mwanga ulioupoteza. Bluu ya thalo PB15 ni kinyume chake, chembe zake ni ndogo mno, inashika karatasi, ukiiweka imekaa. Mtu mwenye tabia ya kupaka halafu kufuta futa akitumia thalo atateseka na atadhani hajui kupaka. Mtu anayependa kuweka tabaka juu ya tabaka bila ya chini kusumbuka atafurahi nayo sana. Kwa hiyo jiulize wewe ni wa kufuta au wa kutabakisha, halafu chagua rangi kwa jibu hilo.

Angalizo moja, kama kwenye hizo 24 una nyekundu ya PR83 usijenge chochote juu yake, inapauka kwenye mwanga. PV19 inakaa vizuri zaidi.

tone_la_maji:

Swali lako la hatua limenigusa maana hapo ndo nilipokwama mimi pia. Nilikuwa nadhani utaratibu ni orodha, kwanza hiki, pili hiki. Kumbe kwenye rangi za maji utaratibu ni kujua karatasi iko kwenye hali gani dakika hii.

Fanya hivi leo usiku, chukua kipande cha karatasi ukiloweshe vizuri, inamisha kichwa uangalie kwa pembeni dhidi ya taa. Mwanzo inang'aa kama kioo, maji yamesimama juu. Ukidondosha rangi hapo inakimbia inakotaka, ni pa kuweka mbingu na vitu ambavyo hutaki viwe na umbo. Baada ya muda mng'ao unafifia unaanza kuona vishimo vya karatasi, hapo rangi ikiwa nzito kidogo kwenye brashi inasambaa nusu halafu inatulia, na mimi picha zangu karibu zote zinaishi kwenye hizo dakika chache. Halafu mng'ao unakufa kabisa, unadhani imekauka, ila ukiigusa kwa mgongo wa mkono ni ya baridi. Hapo toa mkono! Hapo ndo panapozaliwa yale maua yenye kingo za meno meno ambayo hukuyaomba, kwa sababu brashi yako ina maji mengi kuliko karatasi, maji yanaingia yanasukuma chembe za rangi mpaka zinagota pembeni. Ukisubiri mpaka baridi iishe ndo imekauka, unaweza kuweka tabaka jipya lenye kingo kali.

Hali nne, na mtu mmoja anapenda hii mwingine anapenda ile. Mimi naona kabisa hapo ndo staili inapoanzia kabla hata ya rangi, kwamba mkono wako una papara au una subira, unapenda kuingia maji yakiwa bado yanatembea au yakiwa yametulia.

Basi ninavyofanya, kwanza nachora kipicha kidogo cha penseli ukubwa wa kiberiti, toni tatu tu, nyeupe, kijivu na giza, dakika 5 basi, na hapo ndo naamua nyeupe yangu itabaki wapi maana kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi, ukishaifunika imeondoka. Kisha penseli nyepesi kwenye karatasi kubwa, mistari michache. Halafu washi (rangi iliyolegezwa kwa maji) ya kwanza nafunika kila kitu isipokuwa ile nyeupe niliyoamua, na naichanganya nzito kuliko macho yanavyotaka kwa sababu ikikauka inapauka. Nasubiri, na nikisema nasubiri nainuka natoka chumbani kabisa. Nikirudi naweka maumbo ya kati, na giza la mwisho kabisa naliweka kwa miguso isiyozidi 10. Naihesabu. Ikifika 10 naweka brashi chini hata kama moyo unataka ya 11.

Na nyuma ya kila karatasi naandika kwa penseli nilichofanya, rangi zipi, niliingia ikiwa kwenye hali gani, nini kimenifurahisha. Hii ndo dawa ya lile la "ikitoka nzuri sijui kwa nini".

Utaratibu pia unaruhusiwa kuwa wa fujo, usidhani lazima uwe wa polepole kama wangu. Mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner, mtu aliyemshuhudia akifanya kazi alisimulia kwamba alikuwa na karatasi alizozibandika kwenye mbao, anazitumbukiza kwenye maji, anadondosha rangi ikiwa bado chepechepe, halafu anamalizia haraka haraka kwa kunyanyua rangi na kukwangua karatasi ili kupata mwanga. Karatasi zake zenye washi tupu za rangi, bila kitu chochote kinachotambulika, zimebaki mamia. Huo nao ni utaratibu, tena wenye mpangilio wake.

kivuli_kwanza:

Mimi naomba nitofautiane kidogo na mzee, kwa heshima zote. Kunakili sioni kama ni ugonjwa. Huyo huyo Turner mliyemtaja, miaka ya 1790 akiwa kijana alikuwa anaenda jioni nyumbani kwa daktari mmoja wa London, Thomas Monro, yeye na mwenzake Thomas Girtin, wanalipwa kunakili kazi za watu, nyingi zikiwa za mchoraji wa rangi za maji John Robert Cozens. Girtin anachora mistari, Turner anapaka washi. Wamezaliwa mwaka mmoja, 1775, wamenakili kazi zile zile kwenye chumba kimoja, na bado ukiweka pamoja picha zao za baadaye, ya Girtin na ya Turner, humchanganyi huyu na yule.

Ila angalia walichonakili. Walinakili picha iliyokwisha. Cozens hakuwa pale kuwaambia sasa chukua brashi ya namba flani uloweshe upande wa kushoto. Walitakiwa wagundue wenyewe njia ya kufika. Video inakupa njia yenyewe, kila hatua, ndo maana unabaki huna yako.

Kwa hiyo dada au kaka brashi_moja (samahani sijui nikuiteje), badala ya kuacha video kabisa, tafuta picha moja unayoipenda ya mchoraji ambaye hujawahi kumwona akipaka hata sekunde moja. Kaa nayo kwanza bila brashi. Jiulize hapa alianza na nini, hii nyeupe aliiacha au aliikwangua, huu ukingo aliupata karatasi ikiwa mbichi au kavu. Halafu inakili. Utakosea sehemu nyingi na zile sehemu ulizokosea zichunguze sana, maana mkono wako ulipokataa kumfuata yeye ulienda mahali pengine, na huko ulikoenda ndo nakushauri upafuate.

Halafu jambo la giza na mwanga, tone_la_maji kaligusia kwa kipicha cha penseli mimi nalipigia mstari. Mtu akiniambia anatafuta staili naangalia kwanza toni zake. Piga picha zako 40 kwa simu uzigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Nabashiri nyingi zitakuwa kijivu cha katikati tupu, na hapo hata ungekuwa na staili isingeonekana.

brashi_moja:

Asanteni sana sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Ni dada, kivuli_kwanza, usijali :)

Nimegeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kama ulivyosema na ni kweli, kati ya 40 nimehesabu 31 ambazo hazina giza lolote. Baadhi yake zimekaa kwenye kijivu cha katikati mwanzo hadi mwisho. Sikuwahi kuona.

Nimechagua jagi la bati lenye mkono, lina pembe moja iliyobonyea, nimeliweka kwenye meza karibu na dirisha. Tyubu nimebaki na 4. Nimepaka mara 3 mpaka sasa ila nina swali la karatasi, ya kwanza ilijikunja maji yakakusanyika katikati, ya pili ilikauka kabla sijafika kwenye ile hali ya pili ya tone_la_maji, ya tatu ilinikubali. Zote nilipaka kwa namna moja. Ni mimi au ni karatasi?

nyuzi_za_pamba:

Dada ni karatasi, na nashangaa imechukua muda mrefu hivi mtu kuitaja.

Angalia uzito kwanza. Chini ya gramu 300 kwa mita ya mraba itajikunja ukiilowesha, lazima uiloweke dakika chache uibandike kwenye ubao kwa tepu ya karatasi yenye gundi, ile ya kulowesha, uiache ikauke ikiwa imelala. Ikikauka inakaza kama ngoma, na ukipaka juu yake haitikisiki sana. Ya gramu 300 ikishikwa vizuri kingo zote kwa kazi ndogo inavumilia.

Halafu nyuzi. Iliyokauka haraka nina uhakika ni ya massa ya mbao, iliyokukubali ni ya pamba. Ya pamba inayanywa maji na kuyatunza ndani, inakupa muda, na tabaka la pili halichafui la kwanza kirahisi. Ya mbao rangi inakaa juu juu, inanyanyuka kirahisi sana, ambayo kwa mtu wa kufuta ni nzuri ila kwa mtu wa kutabakisha ni mateso. Pia karatasi nzuri imepakwa gelatini au kitu kama hicho ili isinywe rangi kama tishu, ukiisugua sana au ukiiloweka muda mrefu mno unaiondoa hiyo kinga na rangi inazama inakuwa mfu.

Na uso wake, kuna laini kabisa, kuna wa kati, kuna wa mkwaruzo. Kwenye wa mkwaruzo brashi kavu inaruka ruka inaacha vidoti vyeupe, kwenye laini rangi inateleza na kila ukingo unaonekana.

Ninachokuomba, chagua MOJA na ukae nayo kwa majagi yote yaliyobaki. Ukibadilisha karatasi kila siku huwezi kujua kilichobadilika ni mkono au ni karatasi, unakuwa unapima kitu kwa rula inayorefuka na kufupika. Kama pamba zimebaki chache kata vipande vidogo, jagi linatosha kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja.

brashi_moja:

Nimerudi. Zimepita wiki 7, nimemaliza majagi 20 jana jioni na leo asubuhi nimeyatandaza sakafuni pale pale.

Naomba niseme yote kama yalivyokuwa. Majagi 6 ya kwanza ni mabaya na niliendelea kuskia sauti za walimu kichwani, sasa lowesha, sasa weka, sasa inua. Kuanzia la 7 zikaanza kupungua. La 9 nilifanya kosa, niliingia na kivuli wakati upande wa mwanga ulikuwa bado wa baridi, na ili visiungane nikaacha kijia chembamba kikavu kati ya mwanga na kivuli, chembamba kama uzi wa kushonea. Nia yangu ilikuwa nikizibe baadae. Ilipokauka nikaangalia, pale kwenye bonyeo la jagi ule uzi mweupe ulikuwa unapinda kufuata bati, na jagi lilikuwa linang'aa kuliko yote niliyopaka kabla. Sikukiziba.

La 10 nikakiacha kwa makusudi ikawa vibaya, mstari sawa kila mahali kama katuni. La 11 nikakiacha sehemu mbili tu kwenye mkono na bonyeo, sehemu nyingine nikaacha viungane kama stuli ya mzee. Kuanzia hapo mpaka la 20 kila jagi lina hicho kitu na kila mara najua wapi kitakaa kabla sijaanza, kwenye kile kipicha cha kiberiti nakiweka alama.

Na nimegundua mimi ni mtu wa papara. Nyuma ya karatasi nimeandika mara 14 kati ya 20 "niliingia mapema". Nilikuwa najilazimisha kusubiri kwa sababu mwalimu wangu ninayempenda zaidi anasubiri. Sasa sisubiri, nafanya kivuli na mwanga kwa wakati mmoja na ule uzi mkavu ndo unaozuia visichanganyike, ndo ukuta wangu. Utaratibu wangu saivi ni kipicha cha toni, penseli kidogo sana, mwanga na kivuli pamoja na njia kavu katikati, kukauka mara moja tu, giza, basi. Tabaka mbili. Dakika 25 hivi na sijaangalia video yoyote, ingawa ile kazi ya kunakili ya kivuli_kwanza nimeifanya mara mbili na nilikosea pale pale mchoraji mwenyewe alipotumia tabaka nyingi, mkono ulikataa.

Swali langu moja limebaki, huo uzi mweupe si udanganyifu? Maana kwenye jagi lenyewe haupo.

mzee_wa_dirisha:

Mwanangu nimesoma hii mara mbili na nimefurahi kwa kweli.

Si udanganyifu hata kidogo. Mtafute mchoraji Mfaransa Paul Cézanne kwenye rangi zake za maji za miaka ya mwisho, alifariki 1906. Sehemu kubwa ya karatasi aliiacha tupu, na aliyemtembelea na kumwona akipaka alieleza kwamba alikuwa anaanza na kivuli kwa baka moja, kisha baka lingine kubwa zaidi juu yake, kisha la tatu, mpaka hayo mabaka yakajenga kitu kama mapazia yanayopishana. Kati ya mabaka hayo utaona karatasi inapumua. Tunda lililo mbele yake halikuwa na mapengo hayo. Aliyaweka kwa sababu ndivyo alivyoweza kusema kuwa kitu ni cha duara na mwanga unakipita.

Ila usimnakili, umeshafika mwenyewe kwa jagi lako. Muangalie tu ujue hauko peke yako.

tone_la_maji:

Nyongeza ya kiufundi kwenye huo uzi, ukitaka kuupata bila mkono kutetemeka tumia brashi kubwa yenye ncha nzuri kuliko ndogo. Ndogo inaishiwa rangi katikati ya mpindo, unasimama kuchovya tena na hapo ndo mstari unavunjika. Namba 10 au 12 iliyojaa, ubao uuinamishe kidogo tone likae upande wa chini wa mpigo, halafu vuta ukingo wa kivuli usogee kwenye mwanga, usivute mwanga kwenda kwenye kivuli. Na kama viwili vikigusana kwa bahati mbaya usikimbilie tishu, viache, angalia vinaenda wapi.

brashi_moja:

Asante, kumbe ndo maana kwenye mkono wa jagi ulikuwa unanikatikia, nilikuwa natumia namba 4. Kesho nahamia kwenye kitu kingine, nimetoa kiatu cha ngozi cheusi chenye kamba. Nataka nione kama uzi utakubali kwenye kitu cheusi au utanilazimisha nifanye kingine. Nikifika cha 5 nitarudi hapa niwaambie.